Mtihani wa Kwenye Simu: Tulipima Nini Wakati wa Korona?



Leo turudi nyuma kidogo, mpaka 2020. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa sekondari wakati ule, au mlikuwa darasa la nane mkisubiri KCPE. Mkisikia "mtihani wa WhatsApp" mnacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka nikaona ulivyomfanyia binamu yangu.

2020 alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Eldoret. Shule siitaji, na wala si lazima, kwa maana mambo kama haya yalitokea kwingi. Wanaishi Huruma. Mamake, ambaye mimi namwita Mama Mdogo, huuza chai na mahamri kuanzia alfajiri. Simu ya intaneti nyumbani ni moja, na hiyo simu huondoka naye asubuhi, kwa sababu M-Pesa ya wateja inaingia humo.

Mwezi wa sita shule ikatuma ujumbe kwenye kundi la wazazi: mtihani unaanza Jumatatu. Karatasi itatumwa saa mbili asubuhi, majibu yapigwe picha na kurudishwa kabla ya saa nne na robo. Masomo mawili kwa siku. Anayetaka kuchapisha aende saiba, shilingi kumi kwa ukurasa.

Fikiria hapo. Saa mbili asubuhi Mama Mdogo yuko kazini, mikono imejaa unga, wateja wamesimama foleni. Karatasi ya Hesabu inaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwa aproni. Binti yuko nyumbani na wadogo zake wawili. Siku ya kwanza alikimbia mpaka pale, akanakili maswali kwenye daftari akiwa amesimama, akajibu akikalia kreti la soda. Siku ya pili bando ikaisha kabla picha hazijapanda. Siku ya tatu alikata tamaa.

Katika masomo manane alirudisha manne. Yale manne mengine akaandikiwa sifuri. Hakuandikiwa kwamba hakufanya. Aliandikiwa sifuri, kama mtu aliyekaa darasani saa mbili nzima akatoa karatasi tupu.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021, sifuri zile zikajumlishwa na mtihani wa kufungulia muhula, na wanafunzi wakapangwa upya kwenye mikondo kulingana na alama. Yeye akatupwa mkondo wa mwisho. Jioni ile alirudi nyumbani akasema, "Mimi ni wa D." Hakuwa analia. Alisema tu hivyo, kama mtu anayekusomea nambari yake ya kitambulisho.

Hilo ndilo linalotufanya tuandike leo.

Tukumbushane ilivyokuwa

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Za kutwa zilifunga kesho yake, na za bweni zikapewa mpaka tarehe 18. Wengi tulidhani ni wiki tatu, nne hivi. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umekwenda, na hakuna KCPE wala KCSE mwaka huo.

Gredi ya 4, darasa la nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Kwa binamu yangu na wenzake, hiyo ni zaidi ya miezi tisa bila kuingia darasani.

Na miezi hiyo hawakuwa wamekaa tu. Hapa Uasin Gishu mwisho wa mwaka ni msimu wa kuvuna mahindi, na vijana wengi walikuwa shambani wakifanya vibarua. Wengine waliingia kwenye boda boda. Wasichana walibeba nyumba nzima: kupika, kufua, kulea wadogo. Hata madrasa zilifungwa. Misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ilikuwa watu wasiozidi mia, saa moja tu, na madrasa hazikuruhusiwa. Kwa hiyo hata pale ambapo mtoto wetu huwa na ustadh wa kumuuliza "unasoma nini siku hizi", palikuwa pamefungwa.

Serikali ilijaribu. Taasisi ya KICD ilipeleka masomo kwenye redio za KBC, kwenye runinga ya Edu na kwenye intaneti. Julai hiyo hiyo yakaletwa yale maputo ya Loon, ya kampuni ya Alphabet kwa ushirikiano na Telkom, yakipeperusha mtandao wa 4G kutoka angani. Na Eldoret ilikuwa kati ya sehemu zilizotajwa kwamba zitafikiwa. Sasa fikiria kichekesho hiki: mtandao unapita juu ya paa la Huruma, na ndani ya nyumba kuna mtoto hana simu ya kuushika. Mapema 2021 mradi wenyewe ukafungwa.

Uamuzi wa busara, na kasoro ya chini yake

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuahirisha KCSE ulikuwa uamuzi mgumu, lakini tunaona ulikuwa wa haki zaidi kuliko njia nyingine zilizokuwepo. Watahiniwa wa 2020 walifanya mtihani wao Machi na Aprili 2021, wakiwa wamerudi darasani kwanza. Ndugu zetu wengi watakumbuka kwamba wiki ya mwisho iliangukia Ramadhani, wakaingia chumba cha mtihani wakiwa na saumu. Ilikuwa ngumu, lakini angalau kila mmoja alikalia dawati moja, karatasi moja, saa moja na wenzake.

Linganisha na Uingereza. Kule mitihani ya 2020 ilifutwa kabisa. Walimu wakaambiwa watoe makadirio ya alama, halafu mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikayapitisha kwenye fomula ya kompyuta. Fomula hiyo ilitazama pia shule ya mwanafunzi ilifanya vipi miaka ya nyuma. Matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu kule England yalikuwa yameshushwa. Mtoto mwerevu katika shule ambayo haijawahi kufanya vizuri alishushwa kwa sababu ya waliomtangulia. Na kwa vile madarasa yenye wanafunzi wachache yalipimwa zaidi kwa neno la mwalimu, shule za kulipia, ambazo nyingi zina madarasa madogo, zikapata nafuu. Vijana waliingia barabarani London. Siku nne baadaye serikali ikarudi nyuma, ikakubali alama za walimu.

Chukua fomula hiyo uilete kwenye shule ya kutwa ya Langas au Munyaka ambayo haijawahi kutoa A. Unajua ingemfanyia nini mtoto wa pale. Alhamdulillah, haikuletwa.

Lakini hapa ndipo penye kasoro. Kwenye ngazi ya taifa tulikataa kumpima mtoto kwa hali ya nyumbani kwao. Ndani ya shule zetu, kimya kimya, baadhi ya walimu wakuu walifanya jambo hilo hilo. Walichukua alama za mtihani wa kwenye simu, mtihani uliopima nani ana bando, nani ana chumba cha peke yake, nani ana kaka chuo kikuu wa kumsaidia kujibu, wakaziita alama za Kemia. Kisha wakazitumia kuamua nani akae mkondo gani na nani aambiwe aache Fizikia. London walijaza barabara. Hapa hakuna aliyejua kwamba kuna jambo la kulalamikia.

"Lakini matokeo yalipanda"

Ukilisema hili, mtu atakujibu: mbona watoto walifaulu? Na kweli, takwimu ziko hivyo. KCSE ya 2019, kabla ya Korona, waliopata C+ kwenda juu walikuwa zaidi ya 125,000 kati ya watahiniwa karibu 697,000. Ile ya 2020, iliyofanywa katikati ya janga, walikuwa zaidi ya 143,000 kati ya karibu 747,000. Ni karibu mmoja katika kila watano. Wizara ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi.

Ila wastani una tabia moja: hauwaoni wasiokuwepo, na hauonyeshi nani alipanda na nani alishuka. Darasa likiwa na watoto hamsini, kumi wakapanda sana na kumi wakashuka, wastani unaweza kubaki pale pale au hata kupanda. Wale kumi walioshuka huwezi kuwaona mpaka ufungue daftari moja moja. Na aliyeacha shule Julai 2020 akaenda kuendesha boda boda, yeye hayuko kwenye hesabu kabisa. Hakuanguka mtihani. Hakuufanya.

Kwa hiyo tusikubali wastani utumike kufunga mjadala. Wa kwetu hawakuwa wastani. Walikuwa watu.

Mtihani una kazi mbili, tusizichanganye

Kuna mtihani wa kujua mtoto amekwama wapi, na kuna mtihani wa kumpanga mtoto kwenye foleni. Vyote vina nafasi yake. Tatizo ni kutumia cha kwanza kufanya kazi ya cha pili.

Madarasa yaliporudi Oktoba 2020, baraza la mitihani KNEC liliandaa mtihani wa kupima hali, ili ijulikane wanafunzi wamesahau nini na wafundishwe nini kwanza. Haukuwa wa cheti. Shule ingeweza kufuata mfano huo huo na vidato vingine Januari. Ni rahisi tu: karatasi fupi kwa kila somo, alama zikaandikwa kwa mada badala ya jumla. Fulani amekwama kwenye logi, fulani kwenye moli, fulani kwenye ngeli. Wiki mbili mwalimu anarudia yale ambayo darasa zima limekwama. Hakuna orodha ya kwanza mpaka mwisho inayobandikwa ukutani.

Tunajua mwalimu atasema nini, na tunamsikia. Darasa lina watoto sitini. Walimu wa bodi walikaa miezi bila mshahara wakati shule zimefungwa, wengine wakauza mitumba, na Januari wakarudi wakiwa wamechoka kama wanafunzi wao. Silabasi ni nefu, muhula umefupishwa, na mwalimu mkuu anaulizwa matokeo na kila mtu. Kukadiria kwa alama za simu ilikuwa njia ya haraka. Hatusemi walimu walikuwa na nia mbaya. Tunasema njia ya haraka ilikuwa na mtu chini yake.

Na hakuna aliyekuwa na uhakika na alama zile, hata walimu wenyewe. Kila mtu alijua kuna majibu yaliyoandikwa na shangazi. Sasa kama hazikutosha kuaminiwa kwa aliyepata 90, vipi ziliaminiwa kwa aliyepata sifuri?

Daftari la Mama Mdogo

Nirudi kwa binamu yangu. Wiki ya pili ya muhula, Mama Mdogo alifunga biashara asubuhi moja, jambo ambalo halifanyi hata akiwa mgonjwa, akaenda shuleni. Alibeba madaftari matatu. Kumbe binti alikuwa anasikiliza masomo ya redio karibu kila siku akiwa anaosha vyombo, na usiku anaandika alichokumbuka. Hesabu, Kemia, Biolojia. Tarehe zimeandikwa juu ya kila ukurasa.

Mwalimu wa Hesabu aliyafungua pale pale ofisini. Akampa binti maswali matano kwa mdomo na ubao mdogo. Akajibu manne. Kabla ya mwisho wa wiki akahamishwa mkondo.

Sitawadanganya kwamba alipata A. KCSE yake aliifanya Machi 2022 akapata C, na leo anasomea diploma. Lakini Kemia alipata kufundishwa, na ile "mimi ni wa D" sijaisikia tena.

Kinachonisumbua ni hiki. Mama mmoja alikwenda. Katika mkondo ule wa mwisho walikuwemo watoto zaidi ya arobaini. Ni wangapi walikuwa na daftari kama lile chini ya godoro, na mzazi ambaye hakujua kwamba anaruhusiwa kwenda kuuliza?

Kwa nini tunayasema sasa

Kwa sababu alama za shule sasa zina uzito kuliko wakati wowote. Gredi ya 9 ya kwanza ilifanya KJSEA mwaka 2025. Alama ya mwisho ya mtoto ni asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe. Zile za shuleni mwalimu ndiye anayeziingiza kwenye tovuti ya KNEC. Kutoka hapo mtoto anapelekwa Gredi ya 10, kwenye njia yake: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo.

Sisi tunaunga mkono wazo hilo. Kumpima mtoto kwa miaka ni haki kuliko kumpima kwa wiki tatu. Lakini sifuri ya mtoto aliyekosa simu, au aliyekuwa amelazwa hospitali, au aliyefukuzwa kwa karo wiki ya tathmini, sasa haiishii kwenye ukuta wa shule. Inaweza kumfuata mpaka kwenye njia atakayopewa.

Na janga si Korona peke yake. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa shule kutoka mwisho wa Aprili mpaka tarehe 13 Mei. Migomo ya walimu tunaijua. Na sisi wa Eldoret hatuhitaji kukumbushwa mapema 2008, watoto waliposomea kwenye mahema. Siku nyingine kama hizo zitakuja, Mungu atuepushe. Swali ni kama shule itakuwa na faili la kueleza mtoto anajua nini, au itakuwa na sifuri tu.

Tunachodai

1. Asiyefanya asiandikiwe sifuri. Aandikiwe kwamba hakufanya, na sababu, na apewe nafasi nyingine ndani ya muda uliotajwa.

2. Tathmini ikifanywa nje ya darasa, kuwe na njia ya asiye na simu. Karatasi ichukuliwe shuleni, msikitini, kanisani au kwa chifu, irudishwe baada ya siku mbili tatu. Dakika kumi na tano za kupandisha picha si kipimo cha Biolojia.

3. Mtoto asihamishwe mkondo wala kuzuiwa somo kwa alama za dharura. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya uamuzi wa haki, na sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomuumiza.

4. Mzazi aonyeshwe rekodi. Shule ya umma ni ya umma, na Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Kabla alama za tathmini hazijapelekwa KNEC, mzazi au mlezi azione.

5. Deni la karo lisigeuzwe kufuli. Sheria ya KNEC ya 2012 imekataza mtu au taasisi kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Walio na vyeti vilivyokwama tangu miaka ya Korona, dai lenu liko hai.

Na sisi vijana?

Tusibaki kulaumu shule. Wengi wetu tumemaliza, tuna simu, tunajua kusoma matokeo na kuandika barua. Mama zetu wengi wanaogopa ofisi ya mwalimu mkuu kuliko kituo cha polisi. Wasindikize. Kaa naye pale, uliza kwa adabu, andika jibu na tarehe. Mwalimu akifanya vizuri, mshukuru mbele ya watu, maana naye husikia lawama tu.

Nyumbani, mfundishe mdogo wako kuweka madaftari yake na kuandika tarehe. Usiruhusu yauzwe ya kufungia karanga kila Desemba. Msikitini, baada ya Swala ya Alasiri Jumamosi, watatu wanatosha kukaa na watoto wa Gredi ya 7 na 8 na kuwauliza tathmini zao zimefikia wapi. Hilo halihitaji ufadhili wala bango.

Dini yetu imetilia mkazo mizani ya sokoni, kwamba anayepunja kilo ana hesabu ya kutoa. Alama ya mtoto nayo ni mizani. Mama Mdogo akipima unga wake huwa anaongeza kidogo, anasema afadhali apoteze yeye kuliko adhulumu mtu. Tunaomba shule zetu zipime hivyo.

Kama una kisa chako cha miaka ile, au cheti kilichokwama, tuandikie kwenye inboksi bila kutaja jina la mtoto. Tutaambatana nawe, inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.